Mwalimu na Mkate Ulionuka Petroli

Mwalimu hakuvumilia neno "kidogo". Ukimwambia gari lako linatetemeka kidogo, au linavuja kidogo, au lina harufu kidogo, alikunja uso kana kwamba umemtukana. "Kidogo ni nini?" angeuliza. "Gari iko na harufu ama haina?" Na wewe uliyekwenda kwake kuomba msaada ungejikuta unajitetea kama mwanafunzi aliyechelewa darasani.

Tulikuwa majirani Masaka, hapa kwetu Rwanda, nyumba zetu zikitenganishwa na ukuta mmoja wa matofali. Alikuwa amefundisha ufundi wa magari katika shule ya ufundi kwa miaka mingi, na alipostaafu watu hawakuacha kumwita Mwalimu. Mchungaji alimwita hivyo, wenye pikipiki walimwita hivyo, mkewe pia. Alikulia Kampala, na Kiswahili chake kilikuwa cha gereji za huko, kimechanganyika na Kinyarwanda, na Kiingereza kikiingia pale hasira zinapopanda. Mimi nilikulia upande wa Bukoba kabla wazazi wangu hawajarudi nyumbani. Kiswahili changu kilimchekesha. Alisema nazungumza kama mtu anayesoma habari redioni.

Sauti yake ilikuwa kubwa kupita kiasi. Akizungumza na mkewe jikoni, mimi upande wa pili wa ukuta nilijua wanakula nini. Mkewe alikuwa mama mpole aliyezoea kusema, "Mwalimu, shusha sauti," naye angeshusha kwa maneno mawili matatu kisha ipande tena. Hakuwa anagombana. Alikuwa anaeleza. Kwake kueleza jambo na kupigana nalo vilikuwa kitu kimoja.

Alipenda shati jeupe lililopigwa pasi, na alilivaa hata anapoingia chini ya gari. Hakutaka kusikia habari ya ovaroli. Alisema fundi anayechafuka ni fundi anayepapasa, na anayejua anakokwenda hana haja ya kujipaka mafuta. Angetandika kipande cha turubai, alale chali, na baadaye ainuke akijinyoosha ili tumwone alivyo safi. Mkewe ndiye aliyejua ukweli wa yale mashati. Siku moja alinionyesha mgongo wa mojawapo likiwa kwenye kamba, na doa lililoenea kama ramani, akacheka hadi akaketi.

Jambo lililowashangaza watu ni kwamba hakuendesha gari. Hakuwa na leseni, na nadhani aliogopa. Alikwenda mjini kwa pikipiki, akiwa ameshika begi lake kifuani, kofia ngumu imefungwa mpaka kidevuni, na alimwelekeza mwendeshaji njia nzima jinsi ya kubadilisha gia. Wapo waliokataa kumbeba. Nilipomuuliza kwa nini hakuwahi kujifunza udereva, alisema daktari wa wanawake hazai. Jibu hilo alilitoa kwa mtu yeyote, hata mbele ya watoto.

Tena, mtu huyu aliyewakaripia mafundi kwa kubahatisha, yeye mwenyewe alibahatisha sana inapohusu watu. Alikuwa anatoa hukumu juu ya ndoa za wengine kwa kuangalia namna mume anavyofunga mlango. Alimwambia mpwa wake kwamba mchumba wake ni mlevi, kwa sababu macho yake ni mekundu. Kijana wa watu alikuwa anafanya kazi ya kuchomelea vyuma. Walifunga ndoa, Mwalimu akaenda harusini, na katika hotuba yake akashauri mafundi wote wa kuchomelea wavae miwani. Kuomba radhi hakuomba.

Nayaeleza haya ili msidhani nilikuwa namwabudu. Alinichosha mara nyingi. Lakini ninapomkumbuka nakumbuka zaidi habari ya gari langu, na kila nikiikumbuka habari ya gari langu damu inanichemka.

Wakati ule nilikuwa naoka. Nilianza na maandazi ya kuuza kwa majirani, nikaendelea na keki za ndizi, halafu mikate midogo ya siagi ambayo hoteli moja ya Kiyovu iliipenda ikawa inaiweka mezani kwa kifungua kinywa cha wageni wake. Ile ndiyo kazi iliyonilea mimi na binti yangu Keza baada ya baba yake kufariki. Nilikuwa na gari dogo la mizigo na abiria, lililotumika Japani kabla ya kufika kwetu. Nyuma niliweka trei zangu zimefunikwa vitambaa, na asubuhi niliteremka mjini mikate ikiwa bado na joto.

Gari hilo nililipeleka gereji moja kubwa mjini, kubadilishiwa oili na kuzibiwa bomba la moshi lililotoboka. Ilikuwa gereji ya kupendeza, ina sehemu ya kukaa wateja, televisheni, na chai. Wakanirudishia gari limeoshwa, linang'aa. Nikashukuru.

Siku chache baadaye Keza akaanza kulalamika kwamba kichwa kinamuuma akifika shuleni. Nikadhani ni macho. Mimi mwenyewe nilihisi kichefuchefu nikikaa kwenye foleni, nikadhani ni uchovu. Harufu ndani ya gari niliisikia mwanzoni, nikaizoea, kisha sikuisikia tena. Hapo ndipo pua inapomsaliti mtu.

Mpishi mkuu wa ile hoteli alinisubiri mlangoni asubuhi moja, akiwa na trei yangu ya jana yake mkononi. Alikuwa mtu wa adabu, na adabu yake ndiyo iliyoniumiza. Alichukua mkate mmoja akanipa, akaniomba nionje. Nikaonja. Ulikuwa mtamu kama kawaida. Akaniambia nisubiri. Ndipo nikaisikia, nyuma ya ulimi, ladha ya petroli, nyembamba, ikipanda puani kadiri ninavyomeza.

"Mgeni ametuuliza kama tunaoka kwenye kituo cha mafuta," alisema.

Nilirudi gereji siku ile ile. Fundi mkuu, kijana mrefu mwenye simu mbili, alilizunguka gari akasema ni pampu ya mafuta. Wakabadilisha. Harufu ikabaki. Nikarudi, akasema ni nozeli. Wakazisafisha. Ikabaki. Niliporudi tena alinitazama kwa huruma, huruma ya kumwonea mtu asiye sawa kichwani, akaniuliza natumia siagi gani. Alisema siagi nyingine zikikaa zinachacha na kunuka hivyo. Au labda ni jiko langu la gesi. Kisha akaning'iniza chini ya kioo cha mbele kikaratasi cha manukato ya matunda, zawadi kutoka gereji.

Kuanzia hapo mikate yangu ilinuka petroli na matunda.

Hoteli ikaniambia nipumzike kwanza. Sote tunajua maana ya kupumzishwa. Nilikaa barazani na trei tupu, na hasira niliyokuwa nayo haikuwa na mahali pa kwenda, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuanza kuamini kwamba pengine kweli ni siagi. Hilo ndilo sijawasamehe. Kuharibu gari la mtu ni jambo moja. Kumfanya mtu aliyeoka maisha yake yote aanze kunusa siagi yake kwa mashaka ni jambo jingine.

Sauti ya Mwalimu ikavuka ukuta ikiuliza kwa nini leo hakuna harufu ya mikate.

Alikuja na shati lake jeupe. Nikamweleza, nikateleza nikasema harufu ni kidogo, nikakaripiwa. Akazunguka gari, akafungua kifuniko cha tangi, akapitisha kidole kwenye mpira wake, akaniambia kwa uhakika kabisa kwamba mpira umekauka, mvuke unatokea hapo, na kwamba kila fundi aliyewahi kuligusa gari hili alipaswa kuanzia hapo. Akaenda mjini kwa pikipiki akaleta kifuniko kipya. Akakifunga kwa madaha, akaondoka.

Harufu haikuondoka. Nilipomwambia, alikifungua kile kifuniko kipya, akakinusa, akakifunga tena. Kisha akasema, "Nilikosea," polepole, kama mtu anayejaribu neno la lugha ngeni. Mkewe, aliyekuwa anaanika nguo, aligeuka kutazama.

Kesho yake asubuhi alirudi, na safari hii hakugusa kitu. Aliniambia nikae kwenye usukani, nifungue swichi bila kuwasha injini, nimtajie taa zinazowaka kwenye dashibodi. Nikamtajia ya oili, ya betri, ya breki, ya mikanda.

"Na ya injini?"

Ya injini haikuwaka.

Alinieleza kwamba ukifungua swichi taa zote sharti ziwake kwanza, ndipo zizimike, ili dereva ajue taa zenyewe ni nzima. Taa ya injini ikikosa kuwaka pale, basi au imeungua, au kuna mtu hataki uione. Akaifungua dashibodi kwa bisibisi zake ndogo, akiwa anahema kwa hasira kabla hata ya kuona kitu. Nyuma ya ile alama ya injini kulikuwa na kipande cha tepu nyeusi, kimekatwa vizuri kwa mkasi, kimebandikwa sawasawa. Alipokibandua, taa ikawaka ya njano, ikakaa hivyo hivyo, hata injini ilipowashwa.

Aliiangalia ile tepu kwenye ncha ya kidole chake. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Hapa mtu alifanya kazi nzuri," alisema. "Alitumia mkono mzuri."

Alichomeka kifaa chake cha kusoma kompyuta ya gari, kikamwambia kuna mvuke wa petroli unaovuja. Akanipa somo palepale, huku mimi nimesimama na aproni yangu. Petroli haitulii, alisema. Hata gari likiwa limeegeshwa, inapanda mvuke ndani ya tangi. Waliotengeneza gari hawakuuacha mvuke huo uende ovyo. Waliuwekea mpira wa kuupeleka kwenye kopo jeusi lililojaa makaa, ambalo mafundi huliita kanista. Makaa yanaukamata. Injini ikiwaka, vali ndogo inafunguka, mvuke unanyonywa na kuchomwa kwenye injini pamoja na petroli nyingine. Hakuna harufu, hakuna hasara, hakuna mtoto anayeumwa kichwa. "Ni kitu ya heshima," alisema. "Mtu alikaa akafikiri juu ya mtu mwingine asiyemjua."

Kutafuta uvujaji alitumia mtambo aliojitengenezea mwenyewe, kopo la rangi lenye mafuta ya kupaka watoto ndani yake, na plagi ya gari la dizeli ya kuyachemsha. Aliliweka mbali na gari, akaunganisha mpira mrefu kwenye ule unaotoka kwenye injini kwenda nyuma, akasukuma hewa taratibu kwa pampu ya baiskeli. Moshi mweupe ukaingia kwenye mipira. Alisema moshi hauna upendeleo, unatokea pale palipo wazi. Tukasubiri. Mkewe alikuwa amepanda juu ya tofali, anachungulia juu ya ukuta.

Moshi ulitokea ndani ya gari. Ulipanda polepole kupitia zulia la buti, mahali hasa ninapoweka trei zangu, ukatanda juu kama mvuke wa mkate uliokatwa ungali moto.

Akatandika turubai akaingia chini. Sikuona uso wake, niliona viatu tu, na viatu vile havikusogea kwa muda mrefu. Aliponiita niiname, alinionyesha karibu na tangi mahali palipo na chuma cha kushikilia kitu, na bolti zake zinang'aa kwa kufunguliwa karibuni. Kanista haikuwepo. Mpira uliokuwa unaingia kwenye kanista ulikuwa unaning'inia mdomo wazi. Juu yake, kwenye sakafu ya gari, kulikuwa na tundu la duara. Ili kuifikia bolti ya juu walikuwa wameng'oa mpira wa kuziba tundu hilo, na hawakuurudisha. Kwa hiyo tangi langu lilikuwa linapumulia moja kwa moja ndani ya mikate yangu, na ndani ya mapafu ya mwanangu.

Tulikwenda gereji pamoja, mimi nikiendesha na yeye ameshika begi kifuani. Hakunielekeza gia hata mara moja. Tulipoingia, yule kijana mwenye simu mbili alisimama ghafla akaficha mikono nyuma. Mwalimu alikuwa amemfundisha shuleni.

"Mwarimu," alisema kwa Kinyarwanda, akainama.

Mwalimu hakuitikia salamu. Alimuuliza kanista iko wapi. Kijana akajaribu kutupeleka ofisini, Mwalimu akakataa, akasema waliing'oa kwenye gari na watajibu mbele ya gari lenyewe.

"Ile kitu ilikuwa imekufa, Mwarimu. Tuliitoa tu. Gari inatembea. Watu wote hapa mjini wanafanya vile."

"Nani alikuambia imekufa? Uliipima?"

Kijana akasema vitu vya shule ni vya shule. Mteja akiletewa kifaa kama kile atakataa kununua kwa bei yake, kwa hiyo wao wanaondoa tatizo.

"Na taa?"

Hapo alitazama chini. "Taa inasumbua wateja."

"Taa haisumbui mteja. Inamwambia. Wewe ndiyo hutaki aambiwe."

Nikamwambia yule kijana kwamba aliniuliza natumia siagi gani. Nilitaka kusema mengi zaidi, nilikuwa nimeyapanga njia nzima, lakini niliyoweza kuyatoa ni hayo tu. Akatazama simu yake. Akasema gereji iko tayari kunioshea gari bure.

Mtu mwingine angenyamaza. Mwalimu alianza kwenda kusimama nje ya geti la gereji ile asubuhi, na shati lake jeupe, akimsimamisha kila anayetoka na gari lake na kumwomba afungue swichi ataje taa zake. Wengine walimwona mwendawazimu. Wengine walitaja, na yupo aliyerudi ndani na sauti ya juu. Walinzi walimwondoa, akavuka barabara akasimama upande wa pili. Wazee wa kanisa walimwendea nyumbani wakimshauri awe na kiasi, kwa kuwa anawatia aibu. Mkewe ndiye aliyewajibu. Nilimsikia kupitia ukutani, yule mama mpole, akiwaambia kwamba amemwambia Mwalimu ashushe sauti maisha yao yote ya ndoa, lakini kwa hili hatamwambia.

Mwishowe gereji ndiyo iliyokwenda kulalamika kwa wapatanishi wa mtaa, kwamba mzee anawaharibia kazi. Hebu fikirini. Wao ndio waliolalamika. Tukakaa kwenye viti vya plastiki, na wapatanishi, watu wazima wenye subira, wakasikiliza pande zote. Kijana alisema kanista ilikuwa mbovu na ilitupwa, na hakuna aliyeweza kusema vinginevyo kwa sababu haikuwepo. Wakaamua gereji inifungie nyingine, na Mwalimu aondoke getini.

Waliileta, imefutwa vumbi, inang'aa kwa nje. Mwalimu alikuwa amekuja na kopo lake la rangi. Aliomba ruhusa, akaliwasha mbele ya wapatanishi pale pale, akasukuma hewa. Moshi ukatoka ubavuni mwa ile kanista kupitia ufa ambao mtu alikuwa ameupaka gundi nyeusi. Mpatanishi mmoja akakohoa. Hakuna aliyecheka. Kijana akasema hakujua, na nadhani hiyo ndiyo sentensi pekee ya kweli aliyosema siku ile, maana hakuwahi kujisumbua kujua.

Iliyofuata ilikuwa nzima. Mwalimu alisimamia inavyofungwa, akahakikisha tundu la sakafu limezibwa, akaifuta kumbukumbu ya kompyuta, na taa ikazimika yenyewe kama inavyotakiwa. Wapatanishi wakasema jambo limekwisha. Watu wakapeana mikono. Mimi nilinyoosha wangu kwa wapatanishi tu.

Kwa sababu halikuwa limekwisha. Hoteli ilikwisha kupata mwokaji mwingine, na mpishi mkuu aliniambia kwa adabu ile ile kwamba wageni wana kumbukumbu. Nililazimika kuanza upya, nikipeleka maandazi kwenye kantini za viwanda vya Masoro, ambako watu wanakula wamesimama na hakuna anayeuliza siagi. Hakuna aliyeniambia pole. Hakuna aliyemwambia Keza kwamba maumivu yake ya kichwa hayakuwa uvivu wa kusoma, kama mwalimu wake wa darasa alivyokuwa ameandika. Gereji ile ipo mpaka leo, televisheni inawaka, chai ipo.

Baada ya hapo sikumwona Mwalimu sana, kwa kuwa nilihamia karibu na wateja wangu wapya. Tulisalimiana kwa simu kwenye sikukuu. Kisha Jumamosi moja nilikuwa Masaka kumtembelea rafiki, nikamkuta amesimama kando ya barabara anasubiri pikipiki. Alikuwa amekonda, na shati lilikuwa limemlegea shingoni. Nikasimama, nikamwambia nitampeleka anakokwenda. Akapanda, akafunga mkanda, akalikumbatia begi lake kifuani. Nilipomuuliza twende wapi, akataja ile gereji.

Nilidhani ana vita vingine. Kumbe anakwenda kufundisha. Yule kijana alikuwa amemfuata nyumbani, akaomba aje Jumamosi awafundishe mafundi wapya. Mwalimu akakubali. Hii ilikuwa mara ya nne au ya tano.

Sikuweza kuendelea kuendesha. Nilisogeza gari pembeni.

"Amekuomba msamaha?"

"Hapana."

"Amekuambia aliipeleka wapi kanista yangu?"

"Sijamuuliza. Najua aliiuza, na wewe unajua."

Nikamuuliza basi anakwenda kufanya nini pale. Aliliweka begi miguuni. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Shuleni kwao walikuwa na injini moja nzuri, mpya, imepakwa rangi kila sehemu rangi yake, iliyoletwa na wafadhili. Iliwekwa kwa ajili ya wageni. Wanafunzi walikatazwa kuigusa isije ikachafuka. Yeye alilalamika, akaonywa, akanyamaza, akafundisha kwa ubao. Miaka yote ile, alisema, watoto waliomaliza kwake walijua kuchora kanista na hawajawahi kuishika.

"Yule kijana alipata alama nzuri," alisema. "Alichora vizuri sana. Mkono mzuri. Siku ya kwanza kuishika kanista alikuwa anaing'oa."

"Kwa hiyo kosa ni la ubao."

"Kosa ni lake. Mimi nakwenda kwa sababu ya hao wengine ambao hawajakosa bado."

Nilimwambia watamcheka wakitoka. Nilimwambia kijana anatumia jina lake ili wateja warudi, ili aseme mzee wa getini sasa yuko ndani. Nilimwambia ni rahisi kwake kusahau kwa sababu hakuwa yeye aliyeonjeshwa mkate. Nilisema kwa sauti kubwa, na yeye akasikiliza bila kunikatiza, mtu yule ambaye hakuwahi kumwacha mtu amalize sentensi. Nilipomaliza akasema kwamba yote niliyosema ni kweli, na kwamba atachelewa.

Nikampeleka. Sikuwa nimekanyaga barabara ile tangu kesi ya kanista. Nilisimama mbele ya geti bila kuzima injini. Mlinzi, pengine yule yule aliyemwondoa getini, alimfungulia mlango akambebea begi, na nyuma yake, ndani ya uwanja, niliona vijana wamejipanga kuzunguka gari lililoinuliwa, mikono mitupu, wanasubiri.

Fundi mkuu alitoka kuja kumpokea. Akaniona. Alisita, halafu akaja upande wangu, akainama kidogo, akanyoosha mkono kwenye kioo cha mlango kilichofungwa. Midomo yake ilikuwa inasema kitu. Sikusikia ni nini, na mpaka leo sijui kama lilikuwa neno nililolingoja au ni salamu tu.

Mwalimu alikuwa amesimama upande wa pili, begi limekwisha kuchukuliwa, mikono yake haina cha kushika. Alinitazama mimi, akautazama ule mkono. Nilingoja aniambie nishushe kioo. Hakuniambia. Aligeuka akaingia ndani kwa wale vijana, na kabla sijarudisha gari nyuma nilikwisha kuisikia sauti yake ikipanda.

Sikushusha kioo.